Mungu Hashiki Glasi

Pale Patan, mji wa kale wa Nepal, kwenye kona ambapo njia ya wafua shaba inakutana na njia ya kisima, kuna falcha: kibaraza cha mbao chenye paa lake, nguzo nne, na sakafu iliyong'arishwa na makalio ya watu wasio na kazi. Asubuhi za mwezi wa Magh, baridi ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye mawe, jua hufika hapo kabla ya kufika kwingine kokote, na ndiyo maana wajuaji wote wa mtaa huamkia hapo. Waya hakosi; alipanda nguzo za umeme miaka thelathini, na mpaka leo haamini kitu ambacho hakina nyaya mbili. Kengele hakosi, alikuwa mgonga kengele wa shule, na kwa kuwa alikaa miaka mingi nje ya mlango wa darasa, anahesabu kwamba amesoma. Keshari anauza chai dirishani mwake, hatua mbili kutoka kibarazani, kwa hiyo naye ni mjumbe. Na tangu majira ya mavuno yaishe, bibi Chirimaya naye hushinda hapo, ingawa hakuna anayempenda pale wala yeye hampendi mtu. Anamleta mumewe kuota jua. Mumewe, mzee Bekha Ratna, amefua mitungi ya shaba kwa nyundo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Siku chache baada ya sikukuu ya Dashain kiharusi kilimwangusha karakanani, na mkono wake wa kulia tangu hapo umelala mapajani kama mzigo ambao mwenyewe atapita baadaye kuuchukua.

Asubuhi hiyo Chirimaya alifika amenuna. Akamkalisha mumewe, akamfunika shali, akakaa kwa kishindo mpaka mbao zikalalamika.

— Leo shemeji kakunja uso mpaka jua limerudi nyuma, Waya akasema.

— Liache lirudi. Kesho ndiyo mwisho.

— Mwisho wa nini tena?

— Wa hospitali. Yule binti wa mazoezi anampima mkono kesho. Ukiwa hivi hivi ulivyokuwa mwezi uliopita, anafunga faili. Nafasi anapewa mwingine. Kuna watu arobaini kwenye foleni, na kila mmoja ana mkono wake.

— Faili la mungu linafungwaje? Kengele akauliza, na wala hakuwa anatania.

Hakuwa anatania kwa sababu mwezi mmoja nyuma Bekha Ratna alitimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Mtu akifika hapo, watu wake humpandisha kigari kama sanamu ya hekalu, wakamvuta kuuzunguka mtaa kwa ngoma, wakamrushia maua na bisi za mpunga, na akishuka kwenye kile kigari si mtu wa kawaida tena. Nyumbani kwake yeye ni mungu. Waya na Kengele walishika kamba ya mbele siku ile, na mpaka leo hawanywi chai asubuhi kabla ya kuinama na kugusa miguu ya mzee. Chirimaya alikubali yote hayo bila ugomvi, ingawa nguo za ndani za mungu huyo amezifua miaka hamsini na minane.

Keshari akaleta glasi za chai kwenye sinia, mvuke unapanda. Chirimaya akachukua moja, akaipuliza, akaipeleka kinywani kwa mumewe, akamnywesha, akamfuta kidevu kwa ncha ya shali. Hakumtazama hata. Macho yake yalikuwa kwa Kengele.

— Kwani huyo binti anasema ubaya uko wapi hasa? Keshari akauliza.

— Anasema mkono wenyewe hauna ubaya. Nyama nzima, mfupa mzima. Ubaya uko kichwani. Zile chembe zilizokuwa zinauamrisha mkono zimekufa, na zilizokufa hazirudi. Lakini zina majirani. Hao majirani wanaweza kufundishwa kazi ya marehemu. Chembe moja inashikana na nyingine, inatengeneza njia. Njia inayopitwa kila siku inapanuka, isiyopitwa inajifunga.

— Kwa umri wake huu?

— Kwa umri wake huu. Nilimuuliza mara mbili nikadhani hajanisikia.

Kengele akatingisha kichwa polepole, kama anayemhurumia mtu.

— Shemeji, hizo ni kamba umepigwa. Ubongo unakomaa mtu anapoota ndevu. Ukishakomaa, umekomaa. Tofali likishatoka tanurini utalifinyanga tena? Nililisikia hilo kwa masikio yangu haya, darasa la nane.

— Ulilisikia kupitia mlango.

— Mlango ulikuwa wazi.

— Basi ndiyo maana nusu ilitokea nje.

— Mi... mimi... mzee Bekha akaanza.

— Anasema yeye anakubaliana na mimi, Kengele akasema. Pumzika, kaka. Usijichoshe.

Mzee akafunga mdomo. Tangu kiharusi maneno yake yalikuwa yanatoka mojamoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na pale kibarazani hapakuwa na mtu mwenye subira ya kumngoja afike ng'ambo.

Waya akainua kidole kuelekea nguzo ya umeme iliyokuwa juu yao, ile iliyovimba nyaya kama kiota cha kunguru mwendawazimu.

— Acheni niwaambie, maana mnaongea msichokijua. Ile nguzo ina nyaya mia tatu. Zinazofanya kazi, labda arobaini. Nyingine zimekufa tangu enzi za wafalme na hakuna aliyezitoa. Ukitaka kupeleka umeme nyumba mpya, hugusi za zamani. Unarusha mpya juu yake. Huyo binti hajakosea. Njia mpya zinaweza kupita. Ila nafasi iko wapi? Kichwa cha kaka kimejaa. Miaka sabini na saba ya nyaya.

— Kwa hiyo? Chirimaya akauliza.

— Kwa hiyo asahau kwanza.

— Asahau nini?

— Chochote. Kila anachokikumbuka kimekalia nafasi. Aanze na vitu vidogo. Bei za shaba za zamani. Majina ya watu waliokufa. Halafu nyimbo. Akifika kwa ndugu wa upande wako, shemeji, mkono utaanza kucheza wenyewe.

— Wewe basi ungekuwa na mikono minne. Nafasi kichwani unayo ya kupangisha.

Keshari akacheka mpaka akaweka sinia chini. Chirimaya hakucheka. Akamega kipande cha chaku, ule mchanganyiko mgumu wa sukari guru unaoliwa mwezi huo kupasha mwili joto, akamtilia mumewe mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, akasubiri atafune, akamega kingine.

— Na ile dawa yangu? Kengele akadai. Mbona hamuisemi?

— Usinikumbushe dawa yako.

— Si alikula?

— Alikula. Ubongo wa mbuzi, umekaangwa kwa manjano na tangawizi, kila Jumamosi. Mbuzi tisa, Kengele. Mtu amekula vichwa vya mbuzi tisa, na kitu pekee kilichoongezeka ni tumbo.

— Hapo kosa si la dawa. Ni la mbuzi. Mbuzi wa siku hizi wanaletwa kwa lori kutoka mbali, siku mbili barabarani, wamesimama, wamechanganyikiwa. Neva zao zimeshavurugika kabla hazijafika kikaangoni. Unamlisha mgonjwa neva zilizopotea njia, unategemea nini? Anatakiwa mbuzi aliyezaliwa mtaani, anayejua mlango wa kwao. Tena ukimtazama akianza kutembea, atangulize mguu wa kulia.

— Mguu wa kulia?

— Si mkono unaougua ni wa kulia?

Chirimaya akafumba macho akashusha pumzi. Mumewe alikuwa anamwangalia Kengele kwa jicho ambalo zamani vijana wa karakana walilijua vizuri, jicho la mtu aliyeletewa mtungi umebonyea.

— Si... si mbu... akaanza tena.

— Anasema hataki mbuzi mwingine, mama, Keshari akamkatiza. Mimi naona hata ninyi wote mmelikosa. Si yule binti alisema upande wa kushoto wa kichwa ndio unaoendesha mkono wa kulia? Na uliokufa ni wa kushoto?

— Ndiyo alivyosema.

— Basi alale kwa ubavu wa kushoto. Usiku kucha. Zile chembe nzima za upande wa kulia zitelemkie kule kwenye pengo.

— Unadhani ni mchuzi? Waya akauliza.

— Kwani umewahi kuuona ubongo wewe?

— Wa mbuzi nimeuona.

— Ulikuwa umetulia?

Waya akafikiri, akakiri kwamba hakuwa ameangalia vizuri. Wakabishana hapo kitambo kizuri kuhusu kama ubongo unatiririka au unatingishika tu, na kama ndiyo sababu watoto wanaolala kifudifudi wanakuwa wajinga, mpaka Kengele akapiga goti lake kwa kiganja, maana alikuwa amepata kubwa kuliko zote.

— Ngojeni. Tunajisumbua bure hapa. Huyu si mtu tena. Sanamu ya hekaluni pale, ina neva?

— Haina, Waya akasema.

— Ina ubongo?

— Ni shaba tupu. Kaka mwenyewe aliwahi kuitengeneza bega.

— Na watu wanapona pale, hawaponi? Watu wanapata watoto, wanashinda kesi. Bila neva hata moja. Mungu hafanyi kazi kwa neva. Mambo yake yanafanyika yenyewe, wengine ndio wanaomfanyia. Kwa hiyo kumpeleka mungu hospitali akaminywe vidole na msichana ni kumpima ng'ombe kwa rula ya fundi cherehani. Kifaa kimekosewa.

— Hapo umenena, Waya akasema, na ilikuwa mara ya kwanza mwezi mzima wanakubaliana.

— Tena si kuminywa tu, Chirimaya akasema. Alitaka afungwe.

— Nani afungwe?

— Mkono wake mzima. Wa kushoto. Alinipa glavu nene, kama mfuko, hauna vidole. Avae kushoto kutwa nzima, ili wa kulia ukose pa kukimbilia. Anasema mkono mgonjwa ni kama mkwe mvivu. Wenzake wakiwepo hasimami.

— Alisema hivyo, mkwe mvivu?

— Hayo ya mkwe ni yangu.

— Na glavu iko wapi?

— Wake za wanangu wanashikia sufuria za moto. Siku ya kwanza tu nilimvisha, mkubwa akaanza kulia, eti mnamfunga mungu mkono ndani ya nyumba yake, laana itashuka kwa watoto. Mdogo naye akalia, ili asionekane mkubwa ndiye mwenye uchungu zaidi. Nikaivua. Nilikuwa na kazi za kufanya.

— Mlifanya la maana, Kengele akasema.

Wakati huo alikuwa amekaa mwisho wa kibaraza mwanamke wa mashambani, wa kule Lubhu, ambaye hawakuwa wamemjali. Alikuwa ametua mti wake wa kubebea begani, kikapu cha spinachi upande huu na cha figili upande ule, akaagiza chai, akawa anaipasha mikono yake joto kwa glasi huku anasikiliza. Umri wake kama hamsini hivi. Magaga miguuni, pete ya dhahabu sikioni. Chirimaya akamega chaku kingine, na yule mwanamke akamfuata kwa macho: kutoka kwenye karatasi, mpaka vidole vya Chirimaya, mpaka mdomoni kwa mzee.

— Samahani, dada zangu na kaka zangu, akasema. Mimi mpita njia tu. Huyu mzee, glasi ameishika lini mara ya mwisho? Kwa huo mkono wa kulia.

Waya akamtazama Kengele. Kengele akatazama nguzo ya umeme. Keshari, ambaye ndiye aliyemimina chai yote aliyokunywa mzee tangu baridi ianze, akafungua mdomo, akahesabu kitu kwa vidole, akaufunga.

Chirimaya akaanza kurudi nyuma kichwani. Leo, ni yeye. Jana, ni yeye. Usiku, mke wa mkubwa. Asubuhi, mke wa mdogo. Hao wamegawana zamu, na zamu zenyewe wanazigombea, kwa sababu kumlisha mungu ni thawabu na hakuna anayetaka thawabu iende kwa mwenzake. Siku ya kigari, mjukuu wa kike alimlisha mbele ya watu wote na watu wakafurahi. Kabla ya hapo? Kabla ya hapo alikuwa mgonjwa, na mgonjwa analishwa. Kwa mkono wa kushoto asingeweza kula, watu wangesemaje, kwa hiyo mkono wa kushoto ulikaa. Na wa kulia ulikuwa hauwezi, kwa hiyo nao ukakaa. Mkono wa kula ulikuwa wake yeye Chirimaya.

Na kila wiki yule binti wa mazoezi alimuuliza: nyumbani anautumia? Naye kila wiki alijibu: anautumia, kutwa. Hakudhani ni uongo. Alidhani ni adabu, kama mtu anapokuuliza umelalaje. Nusu saa ya kule hospitali ndiyo aliyoihesabu kuwa dawa. Haya ya nyumbani yalikuwa maisha tu. Tena kama angesema kweli yote, angelazimika kusema kwamba siku moja, mapema kabisa, wiki ya pili au ya tatu, mzee alinyoosha mwenyewe ule mkono kuelekea kwenye bakuli. Ulikuwa unatetemeka. Dengu zingemwagika kwenye shali na kwenye mkeka, na maji ya kisimani mwezi ule yalikuwa yameshaanza kuuma mifupa. Akamwondoa mkono, akamlisha. Ilikuwa haraka zaidi.

— Nimeuliza tu, yule mwanamke akasema. Akamaliza chai yake, akaweka glasi chini, akaupandisha mti begani, akaondoka, vikapu vinacheza huku na huku.

— Watu wa mashamba, Kengele akasema alipokwisha kupinda kona. Hawajui hata maana ya...

— Nyamaza, Kengele.

Chirimaya akasimama. Akaufungua ule mshipi mrefu wa kitambaa anaojizungushia kiunoni, akauvuta mkunjo baada ya mkunjo, akamshika mumewe mkono wa kushoto na kuanza kuufunga kwenye nguzo ya kibaraza.

— Shemeji, unafanya nini mbele za watu? Waya akasema. Huyu ni mungu.

— Uungu wake umeahirishwa mpaka kesho akitoka hospitali. Keshari, lete chai. Iweke hapo, kulia kwake. Isijae.

Mwuza maziwa aliyekuwa anapita akashuka kwenye baiskeli yake kumtazama mungu aliyefungwa nguzoni. Chirimaya akamtazama mpaka akapanda tena.

Chai ikaja. Ikakaa pale ubaoni. Mzee Bekha Ratna akaitazama, kisha akautazama mkono wake, kwa muda mrefu, kama anatafuta mahali ulipofungiwa. Bega likainuka kwanza. Kisha kiwiko kikafuata, kwa kuburutwa. Vidole vikaifikia glasi vikiwa vimejikunja, vikaigonga kwa nyuma, na chai yote ikamwagika kwenye shali.

Waya akaruka.

— Ukimgusa nitakuvunja mkono, Chirimaya akasema bila kugeuka, na hapo ndipo tutajua nani mwenye ubongo wa kurudisha. Keshari, nyingine.

Ya pili ilimwagika upande wa Kengele, naye akahama. Ya tatu aliifumbatia vidole viwili, akaiburuta upana wa punje ya mahindi, ikalala. Hakuna aliyekuwa na nadharia sasa. Kengele alikuwa anaangalia kile kidole gumba, mdomo wazi, kama alivyokuwa labda akiangalia ubao wa darasa kupitia mlango wake.

— Chai imekwisha, mama, Keshari akasema. Birika limebaki majani.

— Basi tia maji.

— Ya baridi?

— Yaliyopo.

Keshari akajaza glasi kutoka kwenye mtungi, akaiweka. Mzee akatazama maji, akamtazama mke wake. Akaanza kusema, na safari hii wote wakangoja, kila neno lifike lenyewe.

— Ma... ji... ya... moto.

— Ya moto utapewa utakapoweza kuyashika.

Akatoa sauti fulani puani, sauti ambayo Chirimaya hakuwa ameisikia tangu Dashain, ile ya kugombana. Mkono ukaenda tena. Kiganja kikaikuta glasi, vidole vikajifunga kimoja kimoja, vinatetemeka mpaka maji yanatetemeka, na glasi ikaachana na ubao. Ikapanda kiasi cha upana wa kidole. Ikapanda tena. Ikafika usawa wa kifua, ikajipinda ikamwaga maji yote mapajani kwa Chirimaya, maji ya Magh, akashindwa kuvuta pumzi kwa muda.

— Mama, umelowa, Keshari akasema.

— Naona nimelowa. Jaza.